Chakula na damu ya kifaru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa tiba ya wanyama, walezi wa vifaru, askari wa hifadhi, na watu wanaowapenda tu wanyama hawa. Karibu kila jibu litakurudisha pale pale: karatasi ya maabara haisomeki mpaka ujue mnyama alikuwa anakula nini na damu yake ilichukuliwaje.

Kifaru mweusi na kifaru mweupe wanatofautiana kwa chakula, au kwa jina tu?

Kwa chakula hasa. Rangi yao wote ni ya kijivu, au ya tope walilogaagaa mara ya mwisho. Mtazame mdomo. Mweupe ana mdomo mpana unaofyeka nyasi fupi chini kabisa. Mweusi ana mdomo wa juu wenye ncha inayonyumbulika kama kidole. Anaikunja kwenye kitawi, anakivuta, kisha magego yanakikata. Ukipita alikokula asubuhi utaona vitawi vya mgunga vimekatwa mshazari, kwa pembe ya kama nyuzi 45, safi kana kwamba mtu amepita na mkasi wa bustani. Vipande hivyo hivyo utavikuta kwenye kinyesi chake, wakati kinyesi cha mweupe ni nyasi zilizosagika laini.

Mweusi amerekodiwa akila aina zaidi ya 200 za mimea, ikiwemo minyaa ambayo utomvu wake huunguza ngozi ya mtu. Hapo ndipo ugumu wa kumlisha unapoanzia, maana hakuna gunia la chakula linaloweza kubeba aina 200. Kifaru wa India yuko katikati, anakula nyasi nyingi na majani pia. Wa Sumatra na wa Java ni wala majani ya msituni.

Kifaru hacheui. Anaishije kwa vitawi na nyasi kavu?

Kama farasi na punda. Ana tumbo moja la kawaida, na kazi kubwa hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana na kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwake. Humo vijidudu huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi za mafuta ambazo mnyama huzitumia kama nguvu. Chakula hupita haraka kuliko kwa ng'ombe, kwa hiyo kifaru huweza kuishi kwa chakula duni mradi kiwe kingi.

Kwa sababu ya mfanano huo, watunzaji wengi wameandaa mlo wa kifaru wakitumia vipimo vya farasi. Kwa mweupe haikuleta shida kubwa sana. Kwa mweusi ilileta, kwa sababu farasi ni mla nyasi na mweusi si mla nyasi, hata kama matumbo yao yanafanana.

Anakula kiasi gani kwa siku?

Kadiria asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, ukipima chakula kikiwa kikavu. Dume mweupe wa kilo 2,000 atahitaji kilo 20 hadi 40. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo uzito utakaoubeba kwenye toroli utakuwa mkubwa zaidi ya huo.

Kwa nini tupime damu? Si tumwangalie tu kama amekonda?

Mwangalie, tena kila siku. Lakini ngozi ya kifaru inaficha mengi, na mpaka uti wa mgongo na mbavu zionekane, tatizo limekaa muda mrefu. Damu huonyesha mapema baadhi ya mambo: chuma kinapojaa, vitamini E inaposhuka, seli nyekundu zinapoanza kupasuka, figo zinapolemewa.

Si mambo yote, hata hivyo. Kalsiamu, kwa mfano, mwili huilinda sana. Itaonekana sawa kwenye damu hata inapochotwa kutoka kwenye mifupa. Ukitaka kujua mlo una nini, pima na chakula chenyewe. Inasikitisha kuona sampuli ya damu imesafirishwa kwa ndege huku hakuna aliyetia mkono kwenye gunia la punje za chakula cha kiwandani na kupeleka konzi moja maabara.

Damu inachukuliwa wapi, na vipi?

Kwa kifaru wa porini, baada ya kupigwa dawa ya usingizi, mishipa ya nyuma ya sikio hufikika kwa urahisi. Mshipa mwingine mzuri uko upande wa ndani wa mguu wa mbele. Kwa kifaru wa bustani ya wanyama, huo wa mguu ndio unaotumika sana, na dawa ya usingizi haihitajiki kama amefundishwa. Anaingia kwenye njia nyembamba yenye nguzo, mlezi mmoja anasimama mbele akimpa tawi moja moja na kumsemesha, mwenzake anapangusa mguu na kuingiza sindano. Kifaru anaendelea kutafuna. Mafunzo hayo huchukua wiki nyingi za subira, na kwangu mimi ni kazi ya thamani kuliko mashine yoyote ya maabara, kwa sababu damu ya mnyama aliyetulia ndiyo inayosema ukweli wa mlo wake.

Angalia chupa. Chupa yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ya kifuniko cha zambarau, ni ya kuhesabu seli. Ukiitumia kupima madini, potasiamu itapanda juu kupita kiasi na kalsiamu itaanguka, na hapo utakuwa unamtibu kifaru ugonjwa wa chupa.

Vifaru wawili wote wazima, mmoja wa porini na mmoja wa bustanini. Kwa nini majibu yao hayalingani?

Sababu ya kwanza ni namna ya kukamata. Kifaru wa porini amekimbizwa na helikopta au gari, amepigwa dawa, ameanguka. Etorfini inayotumika kumlaza hudhoofisha upumuaji, na kifaru mweupe huathirika zaidi: oksijeni inashuka, kabonidayoksaidi inapanda, na misuli iliyokimbia inamwaga asidi ya laktiki hadi damu inakuwa na uchachu. Sukari hupanda kwa sababu ya mshtuko. Kimeng'enya cha misuli, kreatini kainesi, huendelea kupanda kwa saa kadhaa baadaye. Hayo yote hayana uhusiano na chakula.

Sababu ya pili ni maisha anayoishi. Wa porini ana kupe, minyoo na vimelea vya damu, kwa hiyo globulini zake za kinga mara nyingi ziko juu zaidi. Usizisome kama ugonjwa.

Chakula kinakuja baada ya hayo, na kinaonekana hasa kwenye chuma, vitamini E, mafuta na insulini. Ndiyo maana maswali yanayofuata ni marefu.

Kwa nini watu wanaogopa madini ya chuma kwa kifaru mweusi?

Kwa sababu yanaua polepole bila kelele. Kifaru mweusi anayefugwa hukusanya chuma kwenye ini, wengu, uboho na viungo vingine mwaka hadi mwaka. Wa porini hafanyi hivyo kwa kiasi hicho. Kifaru wa Sumatra, naye mla majani, hupatwa na tatizo hilo hilo. Mweupe na wa India huepukana nalo kwa kiasi kikubwa, ingawa wanakula magunia yale yale.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Majani na magamba ya miti ya porini yamejaa tanini na vitu vingine vinavyoshika chuma ndani ya utumbo kisifyonzwe. Mnyama aliyeishi hivyo kwa vizazi na vizazi amejengwa kukinyakua kila kichembe cha chuma kinachoponyoka. Sasa mpe lusini, ambayo wengine huiita alfalfa, pamoja na punje za kiwandani. Tanini imeondoka, chuma kimeongezeka, na utumbo bado unanyakua kama zamani. Mwili wa mnyama hauna njia ya maana ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachoingia kinakaa.

Farasi anahitaji miligramu 40 hadi 50 hivi za chuma kwa kila kilo ya chakula kikavu. Punje nyingi za kiwandani zina mara kadhaa ya kiasi hicho, na wakati mwingine hakuna aliyekusudia: chuma huingia kupitia udongo ulioshikamana na majani, au kupitia fosfeti ya kalsiamu inayoongezwa kama chanzo cha madini mengine. Soma lebo, halafu usiiamini. Peleka punje zipimwe.

Kwenye damu utapima chuma chenyewe, kiasi cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) kilichobeba chuma, na feritini (protini inayohifadhi chuma). Kwa wa porini, takriban theluthi moja ya transferini huwa imebeba chuma. Kwa waliofugwa ni kawaida kuikuta imepita nusu, na wengine hukaribia kujaa kabisa. Feritini isomwe kwa uangalifu: hupanda pia mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, na kipimo kilichotengenezwa kwa binadamu hakiwezi kuaminiwa kwa kifaru. Kipimo kimoja hakitoshi. Fuatilia mnyama mmoja kwa miaka uone mstari wake unaelekea wapi.

Chuma kikishajaa, anatibiwaje?

Kwa kumtoa damu. Lita moja ya damu hubeba takriban nusu gramu ya chuma, na mwili ukitengeneza damu mpya huvuta chuma kutoka kwenye akiba. Kifaru aliyefundishwa kusimama kwenye njia yake anaweza kutolewa lita kadhaa kwa kikao, kwa vikao vingi, huku wingi wa seli zake ukipimwa kila mara. Zipo pia dawa zinazoshika chuma kikatoka kwa mkojo au kinyesi, lakini kwa mnyama wa zaidi ya tani moja ni mzigo mkubwa wa dawa.

Hata hivyo kumtoa damu huku gunia likiwa lile lile ni kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Anza na mlo: punguza punje, punguza lusini, ongeza matawi, ondoa jamii ya machungwa kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Wapo pia wanaoongeza tanini kwenye chakula. Mimi nasema matawi kwanza, maana tawi linaleta tanini, nyuzinyuzi, na kazi ya kutafuna kwa pamoja.

Na vitamini E?

Majani mabichi yana vitamini E nyingi. Yakikaushwa na kuwekwa ghalani inapotea. Vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kwamba vifaru weusi wa bustanini walikuwa na vitamini E kwenye plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mara kadhaa chini ya wenzao wa porini. Tangu hapo wengi huongezewa. Aina ya nyongeza ina maana, kwani kifaru, kama tembo, hafyonzi vizuri kila umbo la vitamini hii. Umbo linaloyeyuka kwenye maji limetumika kwa sababu hiyo.

Vitamini E hulinda kuta za seli zisiunguzwe na oksijeni. Kwa kifaru mweusi jambo hilo ni zito kuliko kwa wanyama wengi, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

Nimesikia seli nyekundu za kifaru mweusi hupasuka. Ni kweli?

Ni kweli, na limekuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua vifaru weusi wengi bustanini. Mnyama anaonekana mzima, halafu mkojo unakuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, ufizi unapauka, na ndani ya siku chache hali inakuwa mbaya. Seli nyekundu za kifaru zina ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli, kidogo sana, sehemu ndogo tu ya ile iliyo kwenye seli za binadamu, na kimeng'enya cha katalesi kiko chini. Kwa maneno mengine, zina akiba ndogo ya kujikinga. Maambukizi ya bakteria wa leptospira yanaweza kuzipasua, na madini ya chuma yaliyozidi huongeza moto huo huo wa oksijeni.

Fosforasi ya damu imekutwa chini kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Bila fosforasi seli haitengenezi ATP, kwa hiyo madaktari huipima na kuirudisha mapema. Ukiona seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ina wekundu, jiulize kwanza kama seli zimepasuka ndani ya mnyama au ndani ya sindano. Sindano nyembamba na chupa iliyotikiswa huleta wekundu ule ule, nao hupandisha potasiamu na fosforasi kwa uongo. Angalia mkojo, hapo hapatakuwa na udanganyifu wa sindano.

Mkojo wa kifaru wetu ni mweupe kama maziwa ya chokaa. Anaumwa?

Kwa kawaida hapana. Kifaru, kama farasi, hufyonza kalsiamu nyingi kuliko anayohitaji na kuitoa kwa figo. Ndiyo maana hata kalsiamu ya damu yake, karibu milimoli 3 kwa lita, ingemtisha daktari wa binadamu.

Kifaru aliyenenepa si ndiye aliyeshiba vizuri?

Hapana. Vifaru weusi wa bustanini wamelinganishwa na wa porini na kukutwa na insulini iliyo juu pamoja na alama za uvimbe mwilini. Picha hiyo inafanana na ya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Punje zenye wanga, matunda matamu na mikate iliyokuwa ikitupwa zamani ndani ya mazizi vimechangia, pamoja na kutotembea.

Mafuta ya chakula nayo yamebadilika. Majani mabichi yana asidi ya linoleniki kwa wingi, ile ya kundi la omega-3. Nafaka zina omega-6. Tofauti hiyo inasomeka moja kwa moja kwenye plazima ya mnyama.

Kwa nini majike weupe waliozaliwa bustanini huzaa kwa shida?

Kwa muda mrefu ilishangaza: majike waliotoka porini walizaa, binti zao waliozaliwa bustanini wengi hawakushika mimba. Watafiti wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, waliangalia chakula. Lusini na soya zina kemikali za mimea zinazoigiza homoni ya estrojeni, na vipokezi vya homoni hiyo kwa kifaru mweupe huziitikia kwa nguvu kuliko vya kifaru wa India, ambaye hula punje hizo hizo na kuzaa vizuri. Walipobadilisha mlo, baadhi ya majike waliokuwa hawajazaa walishika mimba. Kwa jike mweupe, basi, nyasi ndizo chakula, na punje zichaguliwe zisizo na soya wala lusini.

Ndama yatima apewe maziwa gani?

Usimpe ya ng'ombe yalivyo. Maziwa ya kifaru ni mepesi ajabu: mafuta hayafiki asilimia 1, protini ni kama nusu ya ile ya ng'ombe, lakini sukari ya maziwa ni nyingi zaidi. Maziwa yenye mafuta yatamharisha, na kuharisha humuua ndama kwa kukaushwa maji kabla ya njaa. Huanzwa na maziwa yaliyoondolewa mafuta, yakiongezwa sukari inayofaa kwa maelekezo ya daktari, kwa vipimo vidogo vidogo usiku na mchana. Kama hakunyonya maziwa ya kwanza ya mama, kinga yake ni dhaifu. Mwambie daktari hivyo mapema.

Maji yana uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Hifadhi ya Nairobi na Ziwa Nakuru kwenda eneo jipya la ulinzi ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, huko huko Kenya. 10 walikufa baada ya kunywa maji yenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea. Wa 11 alishambuliwa na simba, naye akafa. Nashindwa kuandika habari hii haraka haraka.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka. Sodiamu ya damu inapanda, inavuta maji kutoka ndani ya seli, ubongo unaona kiu, mnyama anakunywa tena, na anachokunywa ni chumvi ile ile. Anakauka akiwa amesimama kando ya maji. Kifaru aliyehamishwa tayari ana mshtuko na hali chakula vizuri, kwa hiyo figo zake hazina nafasi ya kufanya kosa. Maji ya mahali papya yapimwe kabla kreti ya kwanza haijafungwa, na kama yanatofautiana na ya zamani, wanyama waletewe maji waliyoyazoea na kubadilishiwa taratibu.

Kuna mfano wa mlo uliookoa kifaru?

Ipuh, dume wa Sumatra aliyekuwa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Walimpa nyasi kavu na punje, akadhoofika hadi kukaribia kufa. Walipomletea majani ya mtini yaliyosafirishwa kwa ndege, alikula na kuinuka. Mwaka 2001 alikuwa baba wa Andalas, ndama wa kwanza wa Sumatra kuzaliwa bustanini baada ya zaidi ya karne moja. Lakini mama wa ndama huyo, Emi, alikufa mwaka 2009 kwa ugonjwa wa chuma kilichojaa, na binti yao Suci akafuata mwaka 2014 kwa ugonjwa huo huo.

Kifaru wa bustanini anaweza kurudi porini na kujilisha?

Anaweza. Mwaka 2019 vifaru weusi 5 kutoka bustani za Ulaya walipelekwa hifadhi ya Akagera, Rwanda. Walianzia kwenye boma, kisha eneo kubwa zaidi, kisha hifadhi yenyewe. Hatua hizo zinawapa vijidudu vya utumbo muda wa kubadilika, na zinampa mlezi nafasi ya kuona anachokula na anachotema. Pima damu kabla ya safari, na uikague upya anapokuwa bomani, hasa kwa vimelea vya damu vinavyoenezwa na ndorobo, ambavyo hajawahi kukutana navyo.

Niandike nini kwenye fomu ya sampuli?

Jina au namba ya mnyama, umri, jinsia, kama ana mimba. Alichokula wiki mbili zilizopita, kwa kilo, si kwa maneno kama "chakula cha kawaida". Mshipa uliotumika, aina ya chupa, dawa alizopewa, na saa ngapi damu ilitenganishwa. Kwa aliyelazwa, andika dakika zilizopita tangu dawa ilipompata hadi damu ilipotoka. Kisha gandisha chupa moja ya seramu ya akiba, yenye namba na tarehe, na ujue iko friji gani.